Maji ya ubongo yanapovuja puani na kuishia mapafuni

Kikohozi cha usiku kisichokoma na maji maangavu yanayochuruzika tundu moja la pua huandikwa kwenye daftari la mgonjwa kama shida mbili. Kikohozi kinapewa dawa ya kifua, pua inapewa dawa ya aleji, na miezi inapita. Kwa wagonjwa wengi hapo hapajaharibika kitu, maana mafua ni mafua na kifua ni kifua. Lakini wapo wachache ambao maji yale ya pua ni maji ya ubongo, yanatoka kwenye ufa ulio sakafuni mwa fuvu, na kikohozi chao ni cha mapafu yanayoyapokea maji hayo usiku kucha. Kwa watu hao dawa ya kifua inapunguza tu, haiponyi, mpaka ufa uzibwe.

Hali hii ni adimu. Visa vya mapafu kuvimba kwa sababu hii ambavyo vimeripotiwa katika majarida ya tiba vinahesabika. Tunaieleza kwa kirefu kwa sababu ufa unaoleta kikohozi ndio huohuo unaowapa vijidudu vya puani njia ya kupanda hadi kwenye utando wa ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Kikohozi kinaweza kuwa dalili ya mapema kabla ya hatari hiyo, na mhudumu wa zahanati ya Newala au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, anayejua kuuliza maswali mawili matatu anaweza kuigundua kabla ya hospitali kubwa.

Maji yenyewe na mahali yanapotokea

Ubongo na uti wa mgongo vimezungukwa na maji maangavu yanayovikinga dhidi ya mtikisiko. Kwa wakati wowote mtu mzima ana takribani mililita 150 za maji hayo, lakini mwili hutengeneza kama mililita 500 kwa siku, hivyo yote hubadilishwa mara tatu au zaidi kila siku. Hiyo ni kama mililita 20 kwa saa. Mtu akilala kwa muda wa saa nane, mililita 160 zinatengenezwa. Ikivuja sehemu moja tu ya kumi ya hizo, ni mililita 16, zaidi kidogo ya kijiko kikubwa cha mezani, na kesho usiku nyingine kama hizo. Ndiyo maana uvujaji unaweza kuendelea miezi bila maji "kuisha", na ndiyo maana mgonjwa anaweza kuonekana mzima wa kutembea na kufanya kazi.

Kati ya ubongo na pua kuna mfupa mwembamba mno. Sehemu dhaifu zaidi ni bamba lenye matundu madogo ambamo mishipa ya fahamu ya kunusa hupita. Paa la vyumba vya hewa vilivyo kati ya macho nalo ni jembamba, na nyuma kabisa kuna chumba cha hewa kilicho chini ya tezi ya pituitari, tezi ndogo ya homoni iliyo chini ya ubongo. Maji yanaweza pia kupenya kwenye mfupa wa sikio na, kama ngoma ya sikio haijapasuka, yakateremka kwa mrija unaounganisha sikio na koo hadi nyuma ya pua. Mgonjwa wa namna hii huhisi sikio limeziba na haelewi pua inahusikaje.

Chanzo kikubwa ni ajali. Huku kusini ni bodaboda bila kofia ngumu, ikifuatiwa na kuanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe. Kwa walio wengi maji huanza kutoka ndani ya siku mbili za ajali, lakini kwa baadhi yao huanza baada ya wiki kadhaa au hata miezi, uvimbe unapopungua na damu iliyoganda, ambayo ilikuwa imeziba ufa, inapoyeyuka. Hapo ndipo familia inapopotea: jeraha la kichwa limeshapona, bandeji imeshatolewa, hakuna anayeunganisha mafua ya Agosti na ajali ya Mei. Aliyepoteza uwezo wa kunusa tangu aanguke aangaliwe kwa makini zaidi, kwa sababu bamba lile la matundu huenda limevunjika.

Chanzo cha pili ni upasuaji wa pua au wa tezi ya pituitari. Cha tatu ni uvujaji unaoanza wenyewe, na huu huwapata zaidi wanawake wa umri wa kati wenye uzito mkubwa, ambao shinikizo la maji kichwani mwao limekuwa juu kwa muda mrefu hadi likautoboa mfupa. Hawa husimulia kuumwa kichwa kwa miaka, mvumo sikioni unaofuata mapigo ya moyo, na macho kufifia kwa sekunde chache wakiinuka. Wengine hupata nafuu ya kichwa siku maji yanapoanza kutoka, kwa sababu shinikizo limepungua, na hivyo hufurahia jambo ambalo ni la hatari. Watoto wachache huzaliwa na tundu hilo. Mtoto aliyepata homa ya uti wa mgongo zaidi ya mara moja, au mwenye kinyama laini ndani ya pua tangu utotoni, asikatwe wala kuchokonolewa kinyama hicho kabla ya kupigwa picha ya kichwa, kwa kuwa kinaweza kuwa sehemu ya ubongo iliyoteremka.

Yanavyofika mapafuni

Mchana, mtu akiwa amesimama au ameinama, maji hutoka kwa mbele na kuonekana. Usiku akilala chali, hayana njia ya kwenda mbele: yanateremka nyuma ya pua hadi kooni. Mengi humezwa. Lakini usingizini tunameza mara chache, kidakatonge hakipati ishara za haraka, na hisia ya kukohoa hulegea. Hata watu wazima wenye afya huvuta mate kidogo mapafuni wakiwa wamelala. Tofauti ni kwamba kwa mgonjwa huyu kinachoteremka ni kingi na hakikatiki, na njiani kimebeba bakteria wa puani na kooni.

Yakifika kwenye vifuko vya hewa, maji hayo huvuruga ule utando mwepesi unaovizuia vifuko visijifunge, na mwili hujibu kwa kuleta chembe za ulinzi. Eneo linavimba, mgonjwa anakohoa, anapata pumzi fupi akipanda mlima, na pengine homa ndogo inayokuja na kuondoka. Huku ndiko mapafu kuvimba bila kuwa na maambukizi makubwa. Bakteria waliobebwa wakishika, basi inakuwa nimonia kamili, yenye homa kali, makohozi na maumivu ya kifua. Hali hizi mbili zinaweza kupokezana kwa mgonjwa mmoja, na hapo ndipo daftari lake linapojaa maneno "nimonia" mara tatu au nne kwa mwaka.

Sehemu ya pafu inayoathirika hufuata namna mtu anavyolala. Anayelala chali huumia zaidi upande wa mgongoni wa mapafu, na anayelala ubavu huumia pafu la chini. Picha ya kawaida ya eksirei inaweza kuonekana safi kabisa. Picha ya CT ya kifua, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, ndiyo huonyesha vivuli vyepesi, kama kioo kilichoshikwa na mvuke, mara nyingi pande zote mbili, na vivuli hivyo vinaweza kuhama mahali kati ya picha moja na nyingine.

Kuna mzunguko mbaya hapa ambao tunaona haupewi uzito unaostahili. Kikohozi hupandisha shinikizo ndani ya fuvu. Shinikizo likipanda, maji mengi zaidi husukumwa kwenye ufa. Maji mengi zaidi huteremka mapafuni, na kikohozi kinaongezeka. Kila kikohozi kikali pia kinazuia utando uliochanika usishikane. Kwa hiyo kumtuliza mgonjwa kikohozi ni sehemu ya kuutibu ufa.

Aliyeumia kichwa na akapoteza fahamu anaweza kupata nimonia kwa sababu za kawaida zaidi: kuvuta matapishi, damu au mate, au kulala kitandani muda mrefu. Hizo zichunguzwe kwanza. Maji ya ubongo yanaingia kwenye orodha pale kikohozi kinapoendelea wiki nyingi baada ya mgonjwa kurudi kwenye fahamu zake na kuanza kutembea.

Msimu wa salfa unavyoficha ugonjwa

Kuanzia Juni hadi Septemba, mikorosho inapotoa maua, mashamba ya Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea hupuliziwa salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Vumbi lake huwasha macho, pua na kifua. Mpuliziaji mwenye mafua na kikohozi mwezi Julai hashangazi mtu yeyote, na kwa kawaida salfa ndiyo yenye kosa. Ila salfa huwasha pande zote. Pua zote mbili hutoka makamasi, macho hutiririka, chafya hufuatana, na mtu akikaa siku chache mbali na shamba anapata nafuu.

Maji ya ubongo yana tabia tofauti. Hutoka tundu moja karibu kila mara. Ni mepesi kama maji ya kunywa, hayavutiki. Mgonjwa akiinama kufunga kamba za viatu, kusujudu au kuosha vyombo chini, yanatiririka ghafla. Asubuhi akiinuka kitandani anaweza kumwaga mkupuo mmoja uliokuwa umejikusanya usiku. Kujikamua chooni au kubeba gunia huyaongeza. Wengi husema wanasikia chumvichumvi kooni. Hayapungui kwa vidonge vya aleji wala kwa dawa za matone za kufungua pua. Pengine kichwa huuma akisimama na kutulia akilala.

Leso hutoa fununu nzuri isiyo na gharama: makamasi yakikauka huacha kitambaa kigumu, maji ya ubongo yakikauka hukiacha laini. Ile dalili ya pete, yaani doa la damu katikati na duara la maji kulizunguka kwenye shuka, ina udhaifu mkubwa. Damu ikichanganyika na machozi, mate au maji ya kawaida pia huweka pete, kwa hiyo isitumike peke yake kuamua lolote.

Vivyo hivyo kile kipande cha kupimia sukari. Maji ya ubongo yana sukari, takribani theluthi mbili ya ile ya kwenye damu, na makamasi yana kidogo sana, ndiyo maana wahudumu wengi walifundishwa kuchovya kipande hicho puani. Tatizo ni kwamba machozi, damu kidogo, au kisukari cha mgonjwa hukibadilisha rangi pasipo uvujaji wowote, na homa ya uti wa mgongo hushusha sukari hadi kipande kikae kimya huku maji yanavuja. Jibu lake, liwe ndiyo au hapana, lisisimamishe rufaa.

Vipimo vinavyoamua

Kabla ya yote, mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe makohozi kutafuta kifua kikuu. Kifua kikuu ni cha kawaida zaidi mara nyingi mno kuliko haya tunayoyaeleza, na hakuna sababu ya kukiruka. Kosa linakuja baadaye, pale makohozi yanapokuwa safi na mgonjwa akaanzishiwa dawa za TB kwa kukisia, bila mtu kumuuliza habari za pua.

Kipimo kinachothibitisha kwamba maji ni ya ubongo ni cha protini iitwayo beta-2 transferini, ambayo haipatikani kwenye makamasi wala machozi. Kinahitaji kiasi kidogo tu: nusu mililita inatosha, mililita moja ni bora. Mgonjwa aketi, ainamishe kichwa kati ya magoti kwa dakika moja au mbili, na matone yakusanywe moja kwa moja kwenye kichupa safi kikavu, si kukamuliwa kutoka kwenye pamba au leso. Kichupa kiandikwe jina, tarehe na upande wa pua, kisha kikae kwenye baridi ya jokofu bila kugandishwa. Si kipimo cha maabara ya kila hospitali, hivyo piga simu kwanza kujua sampuli inapelekwa wapi. Asiyetoa maji siku ya kliniki apewe kichupa aende nacho nyumbani. Uvujaji wa kukatika na kurudi ni wa kawaida.

Mahali pa ufa hutafutwa kwa CT ya sakafu ya fuvu yenye vipande vya milimita moja au pungufu. CT ya kawaida ya kichwa, inayopigwa usiku wa ajali kutafuta damu, ina vipande vinene na inaweza kuuruka ufa mdogo. Ombi la kipimo liandikwe wazi: "sakafu ya fuvu na vyumba vya hewa vya uso, vipande vyembamba, tunashuku maji ya ubongo kuvuja." Sentensi hiyo moja hubadilisha namna mpiga picha anavyofanya kazi. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huongezwa kuangalia kama utando au ubongo umeteremka kwenye tundu, na kwa wenye uvujaji ulioanza wenyewe huonyesha dalili za shinikizo la muda mrefu. Hao wachunguzwe macho pia.

Yasiyofaa na yanayofaa wakati wa kusubiri

Uvujaji uliotokana na ajali hufunga wenyewe kwa wagonjwa wengi ndani ya siku saba hadi kumi, mradi waachwe wapumzike. Mapumziko maana yake ni kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa kama nyuzi 30, mito miwili mitatu au kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwani; kutopenga kamasi; kupiga chafya kinywa kikiwa wazi; kutobeba mzigo; na choo kiwe laini, kwa maji ya kutosha, papai, mboga za majani, au dawa ya kulainisha ikibidi. Kichwa kikiinuliwa, shinikizo kwenye ufa hupungua, na kifua nacho kinapata ahueni.

Kujifukiza chini ya blanketi kunamweka mgonjwa ameinama, kwa hiyo kuachwe. Ugoro wa kupigisha chafya ni hatari ya wazi: chafya moja inaweza kusukuma hewa na vijidudu kupitia ufa hadi ndani ya fuvu. Pua isisukutuliwe kwa maji ya chumvi na isizibwe kwa pamba, kwani kilichozibwa mbele kitateremka nyuma. Kwa wahudumu: mpira wa kulishia usipitishwe puani kwa aliyevunjika sakafu ya fuvu, upitie mdomoni. Weusi kuzunguka macho yote mawili au nyuma ya sikio baada ya ajali utoshe kukuzuia hata kama maji hayajaonekana. Hewa ya kusukumwa kwa barakoa iliyobana usoni nayo iepukwe pale inapowezekana.

Antibiotiki za kuzuia, zile za kumpa mtu "asije akapata", hazijathibitika kuwakinga wenye ufa na homa ya uti wa mgongo, na zikitolewa wiki kwa wiki huzalisha vijidudu sugu. Nimonia ikiwepo itibiwe kikamilifu. Prednisoloni ya kutuliza kifua isitolewe kwa kukisia: inashusha kinga ya mtu ambaye ubongo wake umepakana na pua iliyo wazi.

Homa kali, shingo kukakamaa, kutapika, kuogopa mwanga, kuchanganyikiwa au degedege ni dharura ya saa hiyohiyo. Katika hali hiyo antibiotiki ya seftriaksoni ya mshipa, gramu 2 kwa mtu mzima, itolewe kabla ya gari la rufaa kuondoka, kwa asiye na historia ya aleji nayo. Kijidudu kinachoongoza hapo ni nyumokokasi, yuleyule anayeongoza kwa nimonia. Anaishi puani, na kwa mtu mwenye ufa ana njia ya kupanda na njia ya kushuka. Chanjo dhidi yake, ambayo watoto wetu hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, inashauriwa hata kwa mtu mzima mwenye uvujaji. Aiulizie hospitali ya rufaa.

Rufaa na kuziba

Maji yakiendelea kupita siku kumi baada ya ajali, au yakianza yenyewe bila ajali, au yakiambatana na kifua kinachorudiarudia, mgonjwa anahitaji mpasuaji. Kwa mkoa wa Mtwara njia ni Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Kwa Lindi ni Hospitali ya Sokoine. Na wengi wa bara huanzia hospitali za Ndanda au Nyangao. Upasuaji wenyewe huhitaji madaktari wa pua na wa ubongo wakae pamoja, na kwa wengi hiyo maana yake ni Hospitali ya Muhimbili na MOI, taasisi ya mifupa na ubongo iliyopo hapohapo, Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 550 kutoka Mtwara mjini. Barua ya rufaa itaje upande wa pua, tarehe ya ajali, idadi ya nimonia alizotibiwa na majibu ya makohozi, maana daktari wa pua hataona kifua kama hakuandikiwa. Ndani ya basi mgonjwa akae kiti kinacholegea nyuma kidogo, asisinzie ameinamia kiti cha mbele, na abebewe mizigo.

Ufa huzibwa siku hizi kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, bila kufungua fuvu. Mpasuaji husafisha ukingo wa tundu, huweka kipande cha mafuta au utando mgumu wa misuli uliochukuliwa pajani mwa mgonjwa mwenyewe, kisha hufunika kwa ngozi laini ya ndani ya pua. Zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi hufungika kwa mara ya kwanza. Walter Dandy, mpasuaji wa ubongo wa Marekani aliyeziba ufa wa namna hii mwaka 1926, alilazimika kupitia juu, kwenye fuvu lililofunguliwa. Wenye shinikizo la juu huongezewa dawa ya kupunguza utengenezaji wa maji na mpango wa kupunguza uzito, vinginevyo maji hutafuta tundu jingine.

Baada ya hapo, kwa wiki nne hadi sita: hakuna kuinama, hakuna kupenga, hakuna kubeba zaidi ya kilo 5. Kwa mkulima wa korosho hii ni sharti gumu. Upasuaji ukiangukia Oktoba, gunia la ghalani libebwe na wengine. Kikohozi huanza kupungua ndani ya siku au wiki chache, na picha ya kifua hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane. Mapafu yakiwa yamesafishika, hiyo ni hoja nzito kwamba maji ndiyo yalikuwa chanzo. Kama pua imekauka lakini kifua bado, basi pumu, kiungulia cha usiku, kifua kikuu na vumbi la salfa virudi mezani na vichunguzwe upya, kimoja kimoja.